Usiku wa Fataki, Mpumzishe Mbwa Lindo

Kila tarehe 1 Januari, kabla jua halijawa kali, makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Mbezi Beach, Kilimani, Nyali na kwingineko huanza kupokea picha za mbwa. Huyu amepotea tangu saa sita usiku, ana doa jeupe kifuani. Yule ameonekana kajibanza chini ya gari kwenye kituo cha mafuta, hataki kusogelewa. Mwingine amekutwa kando ya barabara kuu, na aliyetuma picha anaomba watoto wasioneshwe.

Chini ya picha hizo watu huulizana swali moja. Mbwa mkali namna ile, ambaye wapita njia walikuwa wakivuka upande wa pili kwa ajili yake, amekimbiaje? Ukuta ni mrefu kuliko mtu. Mnyororo jana ulikuwa mzima. Mlinzi alikuwepo getini.

Alikimbia kwa sababu alidhani anakufa. Sisi tulihesabu sekunde kwa kurudi nyuma, tukakumbatiana, tukapiga picha za anga. Mbwa hakupewa taarifa yoyote. Kwake usiku ulikuwa kama usiku mwingine wowote hadi mbingu zilipopasuka juu ya kichwa chake, zikapasuka tena, na tena, wala hapakuwa na adui wa kumbwekea. Na katika nyumba nyingi za kwetu, dakika hizo ndizo ambazo hapakuwa na mtu wa kumkimbilia pia, maana baba na mama wako kwenye ibada ya mkesha, vijana wako ufukweni, na aliyebaki ni yeye, banda lake na mnyororo wake.

Ushauri kuhusu mbwa na fataki umeandikwa sana Ulaya na Marekani, na mwingi ni mzuri. Shida ni kwamba umeandikwa kwa ajili ya mbwa anayelala sebuleni. Unamwambia mwenye mbwa afunge mapazia na akae naye kwenye kochi. Mbwa wetu wengi hawajawahi kuliona kochi. Wanalala nje, mchana wamefungwa, usiku wanaachiwa walinde, na wanalishwa ugali na dagaa kwenye sufuria kuukuu karibu na geti. Hofu yao ni ileile, ila dawa yake lazima ianzie pale walipo.

Tuanze na masikio yenyewe. Sikio zima la binadamu hunasa sauti za kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika mitetemo 45,000 hivi, na kwa sauti nyembamba za juu lina wepesi ambao sisi hatuna. Ule mluzi wa fataki inayopaa, ambao kwetu ni kionjo tu cha kishindo kinachokuja, humfikia yeye ukiwa mkali mno. Kisha kuna harufu ya baruti, ambayo pua yake huipokea kwa nguvu tusiyoweza kuikisia. Kisha kuna mwanga unaomulika ukuta na kupotea.

Lakini ukali wa sauti peke yake hautoshi kueleza kinachotokea, kwa sababu mbwa huyohuyo pengine analala fofofo kando ya jenereta linalounguruma. Kinachomvunja ni kutokujua. Jenereta lina mwanzo na mwendo wake, naye amelizoea. Radi nayo humpa notisi: upepo unageuka, wingu linatanda, harufu ya mvua inatangulia. Mbwa wa Bukoba au Kisumu, kando ya Ziwa Victoria ambako ngurumo ni jambo la mara kwa mara, husoma dalili hizo mapema kuliko watu, na wapo wanaojificha kabla tone la kwanza halijaanguka. Fataki hazina dalili. Zinakuja kwenye anga safi, kutoka pande zote, bila mpangilio, na kila unapofikiri zimekwisha, jirani wa nyumba ya tatu anawasha nyingine.

Wala asijione mpweke yule ambaye mbwa wake hutetemeka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza wenye mbwa kuhusu mbwa wapatao 13,700. Kati ya matatizo ya hofu na tabia waliyoyachunguza, hofu ya kelele iliongoza: asilimia 32 ya mbwa waliogopa angalau aina moja ya kelele, na fataki zilikuwa mbele ya kelele zote kwa asilimia 26. Kwa hiyo ukisimama mtaani ukahesabu mbwa wanne, ni busara kudhani mmoja wao yumo katika kundi hilo, hata kama ndiye mwenye kifua kipana na sauti nzito. Ushujaa wa mbwa mbele ya mwizi na utulivu wake mbele ya kishindo ni mambo mawili tofauti. Nimesikia watu wakimwita mbwa mwoga, wakitaka wamuuze kwa sababu usiku mmoja alijificha chini ya tangi la maji, na huwa naumia, kwa sababu mbwa yuleyule amewalinda siku 364 nyingine.

Tena hofu nyingine hazionekani. Anayelia na kukwaruza mlango kila mtu anamwona. Anayesimama ameganda, mkia umeshikamana na tumbo, masikio yamelala nyuma, weupe wa macho ukionekana pembeni, huyu watu husema ametulia. Hajatulia. Mbwa anayehema na ulimi nje wakati hakuna joto, anayepiga miayo bila usingizi, anayeramba midomo bila chakula, anayezunguka bila kulala, au anayekataa nyama aliyoipenda asubuhi, huyo anasema jambo lilelile kwa sauti ndogo.

Sasa mnyororo.

Kama msomaji atachukua jambo moja tu katika makala haya, ninaomba liwe hili. Usiku wa fataki mbwa asifungwe mnyororo. Mnyama yeyote mwenye hofu kubwa hutafuta kwanza kukimbia, na mwili wake wote hujiandaa kwa kazi hiyo: moyo hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni, maumivu husahaulika. Ukimfunga, hofu haipungui, inakosa tu pa kwenda. Mbwa waliofungwa hujizungushia mnyororo kwenye nguzo hadi wakakabwa. Wengine huruka ukuta na mnyororo ukiwa shingoni, wakabaki wananing'inia upande wa pili. Hata banda la wavu si salama kama linavyodhaniwa. Mbwa mwenye taharuki hutafuna nondo na kuvunja meno, hukwaruza zege hadi kucha zikang'oka, na asubuhi anakutwa na damu mdomoni watu wakidhani kagombana na paka.

Najua hoja itakayotolewa, na ina uzito wake. Mkesha wa Mwaka Mpya nyumba nyingi zinabaki tupu, wezi nao wanajua, na huo ndio usiku ambao mwenye nyumba anamhitaji mbwa kuliko usiku wowote. Lakini jiulize mbwa mwenye hofu analinda nini. Akibweka, anabwekea mbingu. Mlinzi hawezi kujua kelele ipi ni ya fataki na ipi ni ya mtu juu ya ukuta. Akiachiwa uwanjani, anaweza kuruka na kupotea, na hapo umepoteza lindo la mwaka mzima kwa ajili ya usiku mmoja. Akisogelewa kwa ghafla, hata na mtoto wa nyumba anayetaka kumbembeleza, anaweza kung'ata, kwa sababu aliyebanwa kwenye kona bila njia ya kukimbia hubakiwa na meno tu. Usiku huo kazi ya ulinzi waachiwe watu, taa na makufuli. Mbwa apewe mapumziko.

Apumzikie wapi? Katika nyumba ambazo mbwa huingia ndani, jibu ni rahisi: chumba kilicho mbali na barabara, ikiwezekana kisichokuwa na dirisha kubwa. Zipo nyumba nyingi, hasa za pwani, ambazo mbwa haingii ndani kwa sababu ya dini, au kwa mazoea tu ya malezi, na makala haya hayaji kubishana nazo. Stoo inafaa. Jiko la nje linafaa, likishaondolewa mkaa, mafuta na visu. Gereji inafaa, chumba cha mlinzi kinafaa, bafu la nje linafaa. Kinachotakiwa ni kuta nne, mlango unaofunga kwa komeo, hewa ya kutosha na dari. Kama hakuna dari, tandika mabati kwa chochote kinene kinachopunguza mlio, au tafuta chumba kingine, maana chini ya bati tupu kishindo hurudi mara mbili.

Kosa linalofanywa na watu wenye nia njema ni kumsukumia mbwa humo saa tano na nusu usiku, siku yenyewe. Chumba asichokijua, mlango unafungwa, kisha mabomu yanaanza. Kuanzia hapo chumba chenyewe kinakuwa sehemu ya jinamizi, na mwakani utamburuta. Anza wiki kadhaa kabla. Mlishe chakula chake cha jioni mle ndani, mlango wazi, aingie na kutoka apendavyo. Baada ya siku chache mwekee gunia au blanketi la zamani la kulalia, pamoja na fulana uliyoivaa bila kufuliwa, kwa sababu harufu yako ni habari njema kwake. Kisha rudisha mlango kidogo anapokula, kisha ufunge kwa dakika chache, umfungulie kabla hajaanza kuulizia njia. Mbwa wengi watakuonesha wenyewe wanapotaka kujibanza, chini ya meza au nyuma ya magunia. Usimtoe. Shimo alilolichagua lina thamani kuliko godoro ulilomnunulia.

Siku yenyewe ina utaratibu wake. Mtembeze mchana au jioni mapema, kwa kamba, hata kama siku zote unamwachia huru, kwa kuwa wapo watoto wanaojaribu fataki zao tangu saa kumi na moja jioni. Hakikisha amejisaidia kabla ya giza. Mlishe kabla ya jua kuzama, maana akishaogopa hatakula, na mbwa aliyeshiba husinzia kwa urahisi. Funga madirisha ya chumba chake, ziba nafasi zake kwa mapazia au mablanketi, acha taa ikiwaka ili miale ya nje isimulike kuta kwa ghafla. Washa redio au feni. Muziki wenye besi ya mfululizo hufunika vishindo vizuri kuliko mazungumzo ya watu, lakini usipandishe sauti hadi redio yenyewe ikawa mateso. Mwekee maji mengi, kwa kuwa anayehema hukauka. Na mkanda wake wa shingoni uwe na kibati chenye namba ya simu inayopatikana, kwa sababu licha ya yote hayo mlango unaweza kufunguliwa na mtu asiyejua.

Tena abaki mtu. Hili ndilo gumu kuliko yote katika familia inayokwenda mkesha, lakini mtu mmoja anayemjua mbwa, awe dada wa kazi, mlinzi, au kijana ambaye hana haja na ufukwe, akikaa naye au karibu yake kwa saa hiyo moja, usiku wote hubadilika. Mpeni mtu huyo maelekezo yaliyo wazi, na mfukoni awe na kitu ambacho nitakieleza sasa hivi.

Kuna imani iliyoenea kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa zaidi. Watu wema wamejizuia kuwagusa mbwa wao kwa ajili ya imani hiyo, wakasimama mlangoni wakiwatazama wakitetemeka, wakiamini wanawasaidia. Imani hiyo haina msingi. Kukaa chini kwa amri ni tendo, na tendo hukua likilipwa. Hofu ni hisia, haiji kwa kutaka malipo, na hakuna mnyama anayechagua kuogopa tena kesho kwa sababu leo alishikwa mgongo. Mbwa akija kwako, mpokee. Mshike kwa mkono mzito na wa polepole, zungumza naye kwa sauti yako ya kila siku. Akipenda kujificha, mwache. Usimkaripie, na kamwe usimtoe nje kwa nguvu ili aone kwamba hakuna kitu. Kipo kitu, na yeye anakisikia.

Kuna njia inayopita kubembeleza, nayo ni ya bei nafuu kiasi cha kushangaza. Mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, aliwauliza wenye mbwa ni nini walijaribu na nini kilisaidia, akachapisha majibu mwaka 2020. Dawa za mitishamba, manukato ya kutuliza na bidhaa nyingine za aina hiyo zilisifiwa na takriban theluthi moja tu ya waliozitumia. Vesti za kubana mwili zilipata asilimia 44. Lakini waliompa mbwa kitu kitamu au mchezo anaoupenda kila mara mlio uliposikika, zaidi ya asilimia 70 walisema hofu ilipungua.

Hicho ndicho cha mfukoni: vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, au dagaa wakubwa, au ngozi ya kuku isiyo na mifupa. Mpangilio ndio siri yake. Mlio kwanza, maini baadaye, mara moja. Paa! Maini. Paa! Maini. Usiyatangulize, kwa kuwa mbwa ataanza kuyaogopa maini yenyewe kama ishara ya kishindo. Wala usimsubirishe hadi atulie ndipo umpe, kwa sababu hapa humlipi tabia njema. Unabadilisha maana ya sauti. Mlio uliokuwa habari ya kifo unaanza kuwa habari ya chakula. Hata anayetetemeka apewe, hata aliyekojoa apewe.

Njia hii haikuanzia kwa mbwa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyeitwa Peter kuacha kuogopa sungura: mtoto alikuwa akila chakula anachokipenda huku sungura akiletwa kwa mbali, na kadiri siku zilivyopita akasogezwa karibu, hadi Peter akamshika. Mbwa na mtoto hujifunza hofu kwa njia inayofanana, na kuiacha kwa njia inayofanana.

Ukiwa na muda, unaweza kuanza kabla mlio halisi haujaja. Pakua sauti za fataki kwenye simu, ziunganishe na spika, uzipige kwa sauti ya chini sana, ile ambayo mbwa anageuza tu sikio kisha anaendelea na mambo yake. Mlio, maini. Dakika tano zinatosha kwa siku. Sauti ipandishwe kidogo sana baada ya siku kadhaa, na akikataa chakula au akiinuka kuondoka, umepandisha mno, rudi chini. Njia hii ina mipaka yake. Spika ndogo haiwezi kutoa ule mtikisiko unaoingia kifuani, na mbwa wengine huzoea simu bila kuzoea mbingu. Hata hivyo zaidi ya nusu ya waliojibu maswali ya Riemer walisema mafunzo ya sauti zilizorekodiwa yaliwasaidia mbwa wao. Kwa mtoto wa mbwa ambaye bado hajaogopa chochote, faida ni kubwa zaidi. Mwenye kuleta mtoto wa mbwa nyumbani kwake leo ana nafasi ambayo mwenye mbwa wa miaka sita hana tena, aitumie.

Dawa za hospitali nazo zipo, na hapa nitasema kwa msisitizo kwa sababu ninayoyasikia mitaani yananitisha. Watu huwapa mbwa pombe. Wengine huwapa vidonge vya usingizi vya bibi, kwa kukadiria. Pombe ni sumu kwa mbwa, na dozi ya binadamu inaweza kumsimamishia pumzi. Ipo pia dawa ya zamani ya kutuliza wanyama iitwayo asepromazini, ambayo bado hutolewa kwa urahisi. Ikitumiwa peke yake hulegeza mwili huku hofu ikibaki palepale. Mbwa anasikia kila kishindo, anaogopa kila kishindo, ila hawezi kuinuka. Mwenye mbwa anaona kalala, anafurahi. Ukiandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya fataki, muulize daktari kwa heshima kama kuna nyingine.

Nyingine zipo. Marekani iliidhinisha jeli ya deksimedetomidini, inayowekwa kati ya shavu na ufizi, mahususi kwa mbwa wanaoogopa kelele. Huenda duka lako halina jeli hiyo, lakini madaktari wa mifugo hutumia pia trazodoni, gabapentini au alprazolamu kwa kazi hiyohiyo, kwa kipimo kinachotegemea uzito wa mbwa na afya ya ini na moyo wake. Nenda mapema, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ili dozi ijaribiwe siku tulivu na daktari ajue mwili wa mbwa wako unaipokeaje. Kumpigia simu saa mbili usiku tarehe 31 ni kumtaka abahatishe.

Ukienda, mweleze pia hofu ilianza lini. Mbwa aliyeishi miaka bila shida kisha akaanza kuogopa vishindo ukubwani anaweza kuwa na maumivu. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2018, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walishiriki, ulilinganisha mbwa kumi wenye hofu ya kelele na maumivu ya viungo au misuli, na kumi wenye hofu bila maumivu. Wale wenye maumivu walianza kuogopa wakiwa wakubwa zaidi, kwa wastani karibu miaka minne baadaye. Inaelekea kwamba mshtuko hukaza mwili, kiungo kibovu kikauma, na mbwa akaunganisha kelele na uchungu. Kwa mbwa wa namna hiyo, tiba ya nyonga inaweza kuwa sehemu ya tiba ya fataki.

Majirani na serikali nao wana sehemu yao. Kenya, fataki zinaangukia kwenye sheria ya baruti na zinahitaji kibali. Uganda, polisi hutangaza kila mwaka maeneo yaliyoruhusiwa kurusha. Tanzania, polisi huonya kila Desemba dhidi ya kulipua fataki bila ruhusa. Kibali kipo, kinachokosekana ni taarifa. Hoteli ya ufukweni inayopewa ruhusa inaweza kuwajulisha majirani kupitia serikali ya mtaa ni saa ngapi itaanza na saa ngapi itamaliza. Hilo halimgharimu mtu kitu, na lingewasaidia hata wagonjwa, watoto wachanga, na watu waliokimbia vita ambao kishindo kwao kina kumbukumbu nyingine kabisa. Uingereza, ambako fataki za Novemba 5 ni mila ya karne nne, ni marufuku kuzirusha kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi isipokuwa kwa muda ulioongezwa katika sikukuu chache, na zile zinazouzwa kwa watu wa kawaida hazitakiwi kuzidi desibeli 120. Ekwado ilikwenda mbali zaidi: Desemba 2018 visiwa vya Galápagos vilipiga marufuku fataki zote zenye mlio kwa ajili ya wanyama wake, vikaacha zile za mwanga tu. Watu wa kule bado wanasherehekea.

Kama mbwa wako ametoroka licha ya yote, usimkimbize ukimwita kwa sauti kubwa, utamfukuza zaidi. Rudi penye nyumba, acha geti wazi, weka blanketi lake na chakula karibu na mlango, kisha tafuta taratibu ukiwa na mtu anayemjua. Wengi hujificha karibu kuliko inavyodhaniwa, mtaroni, chini ya gari, nyuma ya duka lililofungwa. Uwe na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa mwenye hofu akishikwa na asiyemjua anaweza kung'ata, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Asubuhi ya tarehe 1, zunguka uwanjani kabla hujamfungulia. Okota mabaki ya fataki, vijiti, karatasi zenye unga na vile ambavyo havikulipuka, maana baruti na rangi zake ni sumu na mbwa hutafuna kila kitu chenye harufu mpya. Mpe siku ya utulivu. Katika utafiti mwingine wa Riemer, wa mwaka 2019, mbwa watatu kati ya wanne waliokuwa na hofu walirudi katika hali yao kufikia asubuhi, lakini asilimia 12 walihitaji hadi wiki nzima, na zaidi ya asilimia 3 walibaki na dalili kwa wiki kadhaa au miezi. Asiyekula wala kutoka kwenye kona yake baada ya siku mbili apelekwe kwa daktari.

Na kwa wanaofuga mbwa Unguja, chumba kisivunjwe bado. Usiku wa kuamkia Januari 12 fashifashi za Mapinduzi zitarushwa, kwa hiyo blanketi libaki stoo, chakula cha jioni kiendelee kuliwa humo, na maini yachemshwe tena.